Panado Usimpe Paka

Baba Loveness,

Nimeenda sokoni Kiboriloni, nitarudi saa tisa. Ndizi na maharage vipo kwenye sufuria, pasha tu.

Paka apewe dawa yake ya maumivu saa saba, ile iliyo kwenye bomba dogo la sindano juu ya friji. Akishakula, msukumie taratibu pembeni mwa mdomo. Kola ya shingoni usiivue hata akikuangalia vipi. Umeivua mara mbili tangu jana, na mara zote mbili amelamba kidonda. Najua kuhasiwa kwake kumekuuma wewe kuliko yeye.

~~Kidonda kikivimba mpake mafuta.~~ Usimpake chochote. Kikivimba au kikitoa damu, mpigie daktari wa mifugo, namba iko ukutani.

Asubuhi nilipokunyang'anya kile kijiko cha maziwa yenye panado, ulisema mbele ya mtoto kwamba nina roho ngumu, mnyama analia nami namwangalia tu. Jana daktari aliniambia panado inaua paka, hata kipande kidogo. Unamkumbuka paka wetu wa kwanza, yule tuliyedhani amekufa kwa sababu ya mguu uliovunjika? Mimi ndiye niliyempa panado. Nilimsagia kwenye maziwa, kama ulivyofanya wewe leo, kwa sababu nilimwonea huruma.

Panado zote nimeondoka nazo kwenye mkoba. Ukiumwa kichwa, nisubiri.

Mama Loveness