Damu Haitembei Kitini

Kabugho mdogo wangu,

Nakusalimu kwa vidole vilivyopata uhai sasa hivi, na kwa hasira. Huku milimani juu ya Bwera mvua ya baridi haikatiki, na tangu nifike nimekalishwa kitini kama picha. Nikigusa ufagio tu, mwenyeji wangu Mama Muhindo ananinyang'anya: "Mugeni iko mutu ya kukaa!" Halafu akinishika mkono anashtuka: "Baridi hivi? Damu yako inalala!" Ananikanda, ananifunika blanketi, ananikalisha tena. Damu itatembeaje na mimi sitembei?

Leo heshima hiyo imenishinda. Nimemnyang'anya mchi nikatwanga sombe, yale majani ya muhogo, mwenyewe, huku akilia kwamba majirani watamcheka. Majani hayajalainika, jasho limenitoka, na miguu imepata joto hadi nikavua soksi.

Ndipo nikamkumbuka Mama yetu huko nyumbani na miguu yake ya baridi. Wewe ndiye uliyemfichia jembe, ati amezeeka, apumzike, ukamnunulia soksi! Mimi nimekalishwa wiki moja tu nikaganda. Yeye umemkalisha tangu mavuno ya mwaka jana.

Nawapenda nyote. Mkumbatie Mama kwa niaba yangu, kisha umpe jembe lake.

Dada yako,
Masika