Kaa Uliowaua kwa Kalamu

Shinyalu, Kakamega

Kwako uliyekuwa mchumba wangu,

Dada yako ameniambia kwamba huko uliko bado unasimulia jinsi nilivyokuharibia masomo. Nimecheka, kisha nikaona heri nikukumbushe.

Mwaka wa tisini na tatu chuo chetu cha Nairobi kilitutuma pwani, wanafunzi wawili wa kutoka Kakamega, kuchunguza jinsi joto la mchanga linavyowaathiri kaa wa ufukweni. Kazi yenyewe ilikuwa kupima joto, kuhesabu mashimo na kuchimba machache, asubuhi na adhuhuri. Asubuhi ulikuwa hodari. Adhuhuri, mchanga ulipochoma nyayo, bwana mkubwa ulikaa kivulini na dafu lako, ukaandika: "Kaa hakuna. Wamekufa kwa joto."

Mimi nilichimba. Mkono ulizama hadi kiwiko, nikagusa mchanga wenye maji na ubaridi, na kaa akanibana kidole. Nilikujia mbio nikitoka damu, nikifurahi kama mtoto. "Wako hai! Jua likipanda wanashuka chini tu!"

Hukuinua hata macho. "Joto ikizidi wanakufanga. Nani atatoka Nairobi aje kuchimba?"

Nilikupenda, nikanyamaza. Hilo najilaumu.

Mhadhiri wetu aliuliza swali moja tu: kama walikufa wote, mizoga ilikuwa wapi? Ukaninyooshea kidole. "Hesabu za adhuhuri aliandika huyu." Huyu! Hata jina langu lilikushinda. Nikafungua daftari langu, nikasema ukweli wote.

Uliambiwa urudi ufukweni ukafanye kazi upya. Badala yake ukafunga safari hadi kwetu, kumwomba baba anilazimishe kuubeba uongo wako, la sivyo hakuna harusi. Baba alikuwa akipukuchua mahindi.

"Kijana, wewe mwenyewe ulichimba?"

"Mzee, mchanga ulikuwa moto."

Baba akaendelea na mahindi yake. Ulisimama pale uani kitambo, hakuna aliyekukaribisha kiti, kisha ukaondoka. Masomo uliyaacha mwenyewe.

Sasa nafundisha biolojia hapa nyumbani, na Desemba naolewa. Anayenioa si msomi, ni fundi wa baiskeli. Mwezi uliopita alinikosea, akaja mwenyewe mlangoni akasema, "Ni mimi." Maneno mawili. Wewe yangekupasua mdomo.

Baki huko huko.

Aliyekuwa mchumba wako