Ua la Mama Keziya limeoza shina mikononi mwangu

Mshauri wetu, shikamoo. Ninakuandikia kwa jicho moja, la kulia limevimba, na lililolivimbisha ndilo hilo hilo ninaloomba unisaidie, maana limenikalia kifuani wiki ya pili sasa na hapa Ipinda, wilaya ya Kyela, sina mtu wa kumweleza zaidi ya Nelson, ninayebeba naye mizigo, na ushauri wake utauona huko mbele.

Mimi ni mbeba magunia kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Kwetu ni Singida, upande wa Ikungi, shule niliishia darasa la tano. Huu ni mwaka wangu wa tatu huku, nimepanga chumba kwa mama mmoja mjane, Mama Keziya, na ukiniuliza baada ya mama yangu mzazi ni nani nimshukuru hapa duniani nitamtaja yeye kabla hujamaliza kuuliza.

Mwezi wa pili niliugua taifodi, nikaanguka na gunia mgongoni, wenzangu wakanileta nyumbani kwa baiskeli. Mama Keziya si ndugu yangu, hata salamu za Kinyakyusa nilikuwa namjibu ovyo ovyo, lakini alinipeleka zahanati, akanipikia uji wa mchele, na kila jioni alimpigia mama yangu kwa simu yake mwenyewe akaniwekea sikioni ili mama asikie kwamba bado nipo. Siku ya nne nikajiona nimepata nafuu, nikaamka mapema nitafute mabuti yangu niende kazini, sikuyaona popote, nikamuuliza.

"Mabuti yako yamelala," akasema. "Na wewe kalale."

Kumbe alikuwa ameyafukia kwenye pipa la mpunga, na alinirudishia siku ya tisa, yana punje mpaka kwenye vidole. Nilipopona nikamwambia mama nikufanyie nini mimi, nikupasulie kuni, nikuchimbie shimo la taka, akacheka tu. "Sema ndaga, inatosha," akasema, yaani niseme asante. Nikasema. Ila moyoni mwangu haikutosha, na shida yote imeanzia hapo.

Mama Keziya ana ua kibarazani, lile ambalo watu wa kanisani kwake huliita taji la miiba, shina nene la kijivu lenye miiba kama sindano za viatu, na juu maua madogo mekundu yaliyokaa mawili mawili. Liko kwenye sufuria kuukuu lililotoboka kitako, lina mchanga na vipande vya matofali tu. Marehemu mume wake, Mzee Davidi, alikuwa baharia wa meli za ziwani kule bandari ya Itungi, na safari moja ya Malawi alirudi na kijiti kimoja amekizungushia gazeti, akamwambia mke wangu leo nimekuletea ua ambalo mbuzi wako hawataliweza. Mzee huyo amefariki mwaka wa tisa huu. Mama akitoka asubuhi hapiti bila kuligusa jani moja kwa kidole, halafu ndiyo anasalimia watu.

Mwanzoni mwa mwezi wa nne binti yake Nancy, aliyeolewa Karonga, ng'ambo ya mpaka, alijifungua, na mama akaenda kumwangalia mzazi, mpaka mtoto atakapobatizwa mwisho wa mwezi wa tano. Akiwa anafunga mzigo wake akaniita.

"Ua langu nakuachia wewe."

"Nilifanyie nini, mama?"

"Usilifanyie kitu. Liache hapo hapo chini ya bati. Mimi mwenyewe silifanyii kitu, baba."

Mshauri, maneno hayo niliyasikia vizuri ila sikuyaamini. Kwetu maji tunayafuata mbali, mgeni akifika kitu cha kwanza ni kumpa maji, na mtu anayekipenda kitu anakipa maji hata kama yeye mwenyewe hajaoga. Sasa nilipoliona ua la mama yangu huyu limekaa kwenye sufuria linalovuja, kwenye mchanga mkavu, na mvua ya Kyela inamwagika hatua mbili mbele yake, lenyewe halipati hata tone, niliona aibu, nikasema hii ndiyo kazi niliyokuwa naitafuta, atarudi alikute linang'aa. Nikatafuta ndoo kubwa ya rangi, nzima, haina tundu hata moja, nikaenda kwenye majaruba nikachota lile tope jeusi linalootesha mpunga mpaka kiunoni, nikalihamishia ua humo. Nikalitoa uani lipate mvua. Siku ambazo mvua haikunyesha nilibeba dumu kutoka bombani, asubuhi kabla ya kazi na jioni nikirudi, mgongo umekufa kwa magunia lakini dumu la ua sikuliacha.

Wiki ya kwanza majani yalitoka mengi, nikafurahi kama mtoto. Wiki ya pili yakaanza kuwa ya njano, nikadhani lina kiu, nikaongeza maji. Nelson akapita akanikuta.

"Wewe mtu wa Singida, hilo ni ua au ni kambale unamfuga?"

"Niache, lina kiu."

"Lina kiu limesimama bwawani?"

Nikamfukuza. Jioni hiyo Mama Keziya akapiga simu kutoka Karonga, nyuma yake nasikia mjukuu analia, akanieleza mtoto ana uzito gani na amefanana na nani, halafu akauliza, "Ua langu je?" Nililiangalia pale uani, halina ua hata moja, yote yamedondoka yanaelea kwenye ndoo, nikasema, "Linachanua, mama." Akasema, "Ndaga fijo, mwanangu." Asante sana. Tangu nizaliwe sijapata asante iliyoniuma kama ile.

Juzi nilibonyeza shina pale chini, kidole kikazama kama kwenye ndizi iliyoiva ikapitiliza, yakatoka maji yananuka. Nikashtuka nikalishika niling'oe nione mizizi, tawi moja likakatika, likatoa utomvu mweupe kama maziwa, na mimi kwa jasho nikajifuta jicho kwa mkono huo huo. Niliruka uani pale kama nimemwagiwa pilipili. Nelson akacheka kwanza, halafu akataka akamwite mke wake anayenyonyesha, anikamulie maziwa jichoni, nikakataa, nikanawa kwa maji ya dumu. Linaona kwa ukungu kidogo, na limevimba.

Sasa ushauri wa Nelson ni huu, kwamba pale Kyela mjini wanauza miche ya maua hayo hayo mekundu, ninunue mmoja uliokomaa, niurudishe kwenye lile sufuria kuukuu, nifunge mdomo, mama hatajua. "Ua ni ua," anasema. Na mimi nakiri kwamba Jumapili nilienda mpaka pale, nikasimama mbele ya ua linalofanana nalo kabisa, nikalishika na chungu chake, nikalirudisha chini, nikaondoka. Sikuweza. Lakini kumpigia mama nimwambie nimeliua ua la marehemu mumewe nalo siwezi. Yule mama alinitoa mimi kaburini, na kitu kimoja tu alichoniachia nimekiozesha. Huku juu bado kuna matawi matatu ya kijani, magumu. Je, linaweza kupona? Na nikimwambia, nimwambie vipi? Usinifiche hata kama ni la kuniumiza, na kwa vyovyote utakavyojibu nakushukuru kwa kunisoma.

Mbeba magunia, Ipinda.


MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Tuanze na jicho kabla ya ua. Ukimaliza kusoma aya hii liweke gazeti chini uende kituo cha afya, leo, si baada ya zamu. Utomvu wa mmea huo ni mkali, na jicho lenye ukungu si la kusubiri. Kunawa kwa maji mengi ulifanya vyema. Maziwa ya mke wa Nelson yana mwenyewe anayeyanyonya, yaachwe kwake.

Umerudi? Haya, tuendelee.

Shina lililolainika halitapona. Ulisema nisikufiche. Hakuna mbolea wala dawa ya kulirudisha, na kila siku unayoliacha kwenye tope hilo uozo unapanda kuelekea matawi uliyobakiwa nayo. Vaa mfuko wa plastiki mikononi, chukua kisu kikali ulichokiosha, uyakate hayo matawi matatu juu kabisa ya palipooza, urefu wa kiganja. Angalia pale ulipokata: ukiona doa la kahawia katikati, panda juu ukate tena mpaka paonekane pa kijani tupu. Chovya mikato kwenye maji safi mpaka maziwa yakome. Kisha uyalaze kivulini, penye hewa, siku tano. Ndiyo, siku tano bila udongo na bila maji, na najua utateseka kuliko hayo matawi.

Lile sufuria lililotoboka hukulitupa, natumaini. Yale matundu uliyoyaonea aibu ndiyo yaliyoliweka ua hilo hai miaka yote. Huko Kyela mvua mnayo ya kugawa mikoa mingine, na mmea huu asili yake ni mahali pakavu, unaweka maji yake ndani ya shina kama ngamia. Rudishia mchanga wa mtoni ule wenye chembe kubwa, vipande vya matofali, udongo wa kawaida kiganja kimoja. Chomeka matawi, liweke kibarazani chini ya bati mahali linapopata jua la asubuhi. Baada ya wiki lipe nusu kikombe cha maji. Baadaye, kabla ya kumwagilia, zamisha kidole mpaka kiungo cha pili. Ukigusa ubichi, ondoka. Mizizi huchukua mwezi na zaidi, kwa hiyo usiwe unayang'oa kuchungulia.

Sasa lililo gumu. Nelson ni rafiki mzuri wa kubeba naye gunia, ila hapa amekudanganya, na wewe mwenyewe ulijua uliposhusha kile chungu. Mama ambaye kila asubuhi anagusa jani lake atajua siku ya kwanza, na hapo hutakuwa tena kijana aliyekosea kumwagilia. Utakuwa mtu aliyemwekea mgeni mahali pa mume wake akamwambia ni yule yule. Bora aibu ya ndoo.

Mpigie leo. Usianze na kujieleza, usianze na kulia. Mwambie, "Mama, siku ile nilikudanganya, ua halikuwa linachanua. Nililihamisha, nikalimwagilia, shina limeoza. Nimeokoa matawi matatu." Kisha nyamaza umsikilize. Akigomba, kubali, ni haki yake. Akinyamaza, usiukate wewe ukimya huo. Na akikuuliza yatakuwa ua lile lile, mjibu bila woga kwamba ndiyo, ni lile lile kabisa, maana tawi la mmea ni mmea wenyewe. Mzee Davidi naye hakushuka Itungi na mti uliochanua. Alishuka na kijiti kwenye gazeti, na mkewe akakisubiri. Anajua kusubiri kuliko mimi na wewe.

Nikugombeze kidogo halafu nikuache. Mama huyu alikwambia mara mbili usifanye kitu: mara ya kwanza ulipokuwa unaumwa, akakuficha mabuti ndiyo ukalala, na mara ya pili kuhusu ua, ambapo hakukuwa na mtu wa kukuficha dumu. Nakuelewa. Umezoea kwamba kitu chochote chema ukilipe kwa mgongo wako, na mtu akikutendea bila kukudai unahangaika kama umeiba. Lakini hakukupikia uji ili umlipe. Alikwambia malipo yake, neno moja, ukalitamka, akaridhika. Wewe ndiye hukuridhika, na aliyeumia ni ua. Moyo wako wa shukrani ni mzuri, ningependa vijana wengi wawe nao. Ujifunze tu kukaa nao bila kuubebesha kazi.

Kwa hiyo: kituo cha afya, kisu, simu. Kwa mpangilio huo huo, na vyote leo. Na kuanzia kesho, ukitoka mashineni jioni mkono ukaanza kukuwasha kwenda bombani, nenda, jaza dumu lako mpaka juu, ulibebe mpaka nyumbani, upite kibarazani bila kusimama, ukaoge.