Mlangoni kwa Baba Mkwe

Kawetele,
S.L.P. 214,
Tukuyu.
Jumapili, 14 Aprili 2024.

Mpendwa wifi yangu Lilian,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, wewe, shemeji na mama mkwe wako, nikitumaini karatasi hii itawakuta salama na baridi ya huko ng'ambo imeanza kulegea. Kile kifua chako kimepona? Watoto wetu, Jotham na dada yake, hawajambo, wanakuulizia kila ndege ikipita juu. Sisi wengine, wifi, si wazima. Kalamu ilitaka kuandika "hatujambo" kwa mazoea, nikaizuia, nisije nikakudanganya kwenye mistari ya kwanza.

Kaka yako Ipyana amekwisha kukupigia kwamba Baba ameanguka na amelazwa. Hayo unayajua. Usiyoyajua ndiyo yamenifanya niandike kwa mkono, maana kwenye lile kundi letu la familia ukiandika neno asubuhi, mchana Ikuti nzima wameshalisoma. Niko kwenye benchi nje ya wodi ya wanaume. Naogopa. Utanisamehe kwa mwandiko.

Nianze na barua yako. Ilifika kabla ya Pasaka na picha za hiyo nyumba ya shamba ya ukoo wa shemeji. Ipyana aliisoma sebuleni kwa sauti, mimi nikisikiliza kutoka jikoni. Ulieleza kuta zake za mawe, kile kiti chenye nafasi ya siri ya kufichia Biblia, wazee wao waliokuwa wakienda kusali msituni kwa kujificha, na yule bibi aliyekaa gerezani hadi uzee kwa kukataa kutamka neno moja la kuikana imani. Baba aliomba isomwe tena. Akasema hao ni Waprotestanti kama sisi, ndugu zetu kabisa, na nyumba hiyo na yetu ni mtu na dada yake. Unajua anavyoipenda nyumba yetu kwa kuwa babu yake, seremala wa misheni, aliijenga kwa mikono yake: matofali ya kuchoma, dari la mbao, madirisha kama ya wamisionari. Mimi Mkatoliki niliyeolewa humo nimesikia habari za mzee huyo kuliko za babu yangu mwenyewe.

Mwishoni ukaomba picha ya Agano Jipya la Kinyakyusa la huyo mzee seremala, muitundike huko ukoo utakapokutana mwezi wa saba. Usijilaumu, nakuomba. Ila ndiko kulikoanzia.

Alhamisi mtaa mzima ulikwenda msibani Ikuti, watoto wetu wakiwamo. Ipyana alikuwa zamu kwenye kiwanda cha chai. Umeme ulikatika tangu Jumatano na simu yangu ilikuwa imezima. Nachambua maharage jikoni, nasikia ngazi inaburuzwa sebuleni. Nikajua anapanda darini kulifuata sanduku la babu lenye lile Agano. Mzee wa miaka themanini na moja! Sikumkataza. Ningemkatazaje? Halafu nikasikia kishindo.

Wewe ni binti wa nyumba, mila hii hukuishi nayo, ingawa ulimwona Mama akiishi nayo kwa babu yenu. Mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, haketi naye, jina lake halitamki. Vijana wengi wameiacha, na mchungaji amesema si lazima. Lakini Baba ameishika, nami nimeishika kwa heshima yake. Yeye mlango wa mbele, mimi wa nyuma. Tukikutana kwenye migomba, mimi najibanza pembeni, nampa mgongo mpaka apite. Miaka kumi na miwili, wifi, uso wake sijawahi kuuona vizuri. Hata hapa hospitali, muuguzi aliponiuliza jina la mgonjwa, nililiandika kwenye kipande cha karatasi. Akanitazama kama mtu aliyechanganyikiwa.

Basi nilikimbia hadi mlango wa sebule, nikasimama. Nikaita, "Baba?" Akanijibu kutoka sakafuni.

"Usiingie, mama. Subiri wanaume."

Baadaye nilikuja kuona suruali yake ilikuwa imechanika kwenye msumari wa ngazi, ndiyo maana. Nami nikatii. Nilitoka mbio kwenye mvua hadi kwa mzee wa kanisa Ezron, nikakuta kufuli. Nyumba ya pili kufuli, ya tatu kufuli. Kwenda hadi barabarani nikaogopa, nisije nikarudi nikamkuta amekata roho peke yake. Nikarudi pale pale mlangoni.

Nilifungua kiasi cha kiganja, nikageuza uso, nikasukuma kikombe cha maji kwa mpini wa ufagio. Nilisikia kikibingirika. Nilimwuliza kama anaumia sana, akasema watakuja. Nikauliza tena, akasema watakuja. Kila mara sauti ilikuwa ndogo zaidi. Redio ya betri jikoni ilikuwa ikisoma habari ya saa nne alipoanguka. Ilisoma ya saa saba nami bado nimesimama nje ya mlango, mikono kichwani, kama mlinzi wa nyumba isiyo yangu. Ni mlango wa mbao tu, wifi. Hauna hata komeo.

Nilipoita mara ya mwisho hakujibu. Ndipo nikaingia. Alikuwa amelalia ubavu, mguu mmoja chini yake umepinda vibaya, midomo imekauka. Nilimfunika kanga yangu, nikamwinua kichwa, nikamnywesha maji kwa kijiko. Alifumba macho ili nisione haya. Mimi nilikuwa nalia tu.

Haikupita hata nusu saa, Ezron na wenzake wakarudi kutoka msibani. Kabla sijafungua mdomo, Baba akawaambia ameanguka sasa hivi tu, na mkwe amemsikia akaja mbio. Jamani! Huyu ni mzee aliyewahi kusimama kanisani mbele ya watu wote akaungama kwamba alidanganya umri wa ng'ombe aliyemuuza. Alidanganya kwa ajili yangu, nami nikanyamaza. Ezron akanisifu, mkewe akanisifu, Ipyana aliporudi akanishika mikono yote miwili akasema Mungu amempa mke. Kila sifa ilinichoma.

Nyonga imevunjika, hilo uliambiwa. Ambalo hujaambiwa ni kwamba tangu Ijumaa mkojo wake ni mweusi kama chai ya rangi, na umekuwa kidogo sana. Daktari alimwuliza mara mbili alilala sakafuni muda gani. Baba akasema si muda mrefu. Mimi nilikuwa mwisho wa kitanda, nimeelekea ukutani. Nilisikia, nikaacha ipite.

Tangu hapo sijalala. Naogopa atakufa. Naogopa ukoo utakaa na kusema tulijua, tulimwoa Mkatoliki, amemwacha mzee wetu afe kama mbwa. Namwogopa Ipyana. Na kumbishia baba mkwe mbele za watu, kumfanya mwongo akiwa kitandani, afadhali niambiwe nivuke mto Kiwira umefurika. Lakini najiuliza, je, daktari anauliza mara mbili bure?

Naacha kidogo. Daktari ameingia wodini, na Ipyana yuko naye.

Nimerudi. Nimesema.

Niliingia nikasimama pale pale pa kila siku, nikageuka, nikamtazama daktari. Nikamwambia, "Alilala chini tangu saa nne mpaka saa saba na dakika zake. Mimi nilikuwa mlangoni." Sauti haikuwa yangu. Ipyana akauliza mlango gani. Nikamwambia mlango wa sebule. Akauliza tena, kana kwamba nyumba yetu ina sebule mbili.

Daktari hakunigombeza. Alisema nyama za mwili zikilaliwa muda huo wote zinatoa sumu, na sumu hiyo inaziba figo. Alikuwa akifikiria ugonjwa mwingine. Akaagiza maji ya mshipani yaongezwe hapo hapo na Baba apelekwe Mbeya leo hii kwenye mashine ya kusafisha damu. Nilimwuliza kama tumechelewa. Akasema hajui, tungejua Ijumaa ingekuwa bora. Ijumaa, wifi. Neno hilo nitakufa nalo.

Ipyana alitoka bila kunitazama. Nami nikageuka niondoke, Baba akaniita. Aliniita kwa jina langu, Imakulata, ambalo hajalitamka tangu nilipoolewa. Nilisimama nimempa mgongo. Akaniambia nigeuke, nikageuka.

Akasema, "Nilikuficha wewe, nikajificha na mimi. Niliogopa waseme nimekufa kwa ajili ya mila yangu. Ndaga, asante, mama, umenitoa mafichoni."

Uso wake, wifi, ni wako kabisa, hata hiyo alama ya shavuni.

Barua hii itakapokufikia utakuwa umeshajua kama Baba yupo au hayupo. Nilitaka tu habari ya mlango uipate kwangu, si kwa watu. Ukinichukia, una haki. Ukiweza kumpigia kaka yako, mpigie.

Nifikishie salamu kwa shemeji, kwa mama mkwe wako na kwa mwanao, Anyitike wetu mdogo. Mama mdogo Ambilikile na mzee Ezron wanawasalimu. Bwana aliyewalinda wazee wa nyumba hiyo na wa nyumba hii awafunike na ninyi.

Gari la wagonjwa limewashwa. Wanaruhusu ndugu mmoja tu nyuma, wa kumshika njia nzima na kumwita jina lake asisinzie. Ipyana hajarudi. Nimewaambia ndugu ni mimi.

Wako akupendaye, na anayeogopa sana,
Imakulata