Fizikia Kwenye Stesheni ya Kolwezi

Stesheni ya Kolwezi,
tarehe 9 Mei 1993

Mpendwa Yaya Kapinga, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu wewe, shemeji Louis na watoto wote huko Kigoma. Hujambo? Mguu uliokuwa unavimba umepona? Sisi tu wazima, ila tumechoka, Yaya. Mama anakohoa tangu mvua za Aprili, lakini anakula, na kila asubuhi anauliza kama umeandika. Usishtuke kuona barua inatoka stesheni. Hii ni wiki yetu ya saba hapa.

Habari za kufukuzwa kwetu nadhani umezisikia redioni, kwa hiyo nitasema machache. Mwezi wa tatu vijana waliingia shuleni na orodha ya majina, na mwalimu mkuu akatuomba sisi wenye asili ya mkoa wa Kasai tusirudi tena. Nimefundisha fizikia pale miaka kumi na tisa. Nilikuwa na chaki mkononi, nikaiweka mezani, nikatoka. Siku tatu baadaye milango yetu kule Dilala ilichorwa misalaba, na sasa katika nyumba aliyotuachia Baba wanalala wengine. Tulitoka na Mama, magodoro mawili, sufuria, na vitabu vinne ambavyo mke wangu Rachelle alivifunga ndani ya kitenge.

Treni ya kwenda Mwene-Ditu, huko Kasai, huja inapotaka. Watu wamejaa chini ya maturubai mpaka kwenye reli. Juma lililopita tulizika watoto wawili waliokufa kwa surua. Nisamehe, sitaandika zaidi juu ya hilo.

Kati yetu hapa wako wanafunzi wangu watano wa darasa la sita la sekondari, waliokuwa wakingoja mtihani wa Serikali. Mmoja ni Henri, mtoto wa marehemu Ngeleka, yule fundi cherehani unayemkumbuka. Aliniambia, "Mwalimu, tulibakisha sura moja tu." Ni kweli, tulibakisha fizikia ya kisasa. Lakini mimi sikuwa na nguvu hata ya kunyoa ndevu. Nilimkatalia mara mbili. Mara ya tatu alikuja na mlango wa kabati na makaa ya kuandikia, akausimamisha mbele yangu. Basi, nikaanza.

Nilianza na rangi ya chuma kinapopata moto. Wataalamu wa zamani walipiga hesabu zao, na hesabu ikawaambia kwamba kitu chochote cha moto, hata jiko la mama, kingepaswa kumwaga mwanga wa zambarau, na ule usioonekana unaofuata, bila mwisho. Macho yanakataa. Mwaka 1900 mmoja wao alikubali, shingo upande, kwamba nguvu ya mwanga haimiminiki kama maji. Inatoka vipande vipande, navyo vinaitwa kwanta. Kipande cha mwanga mwekundu ni kidogo, cha zambarau ni karibu mara mbili yake.

Siku ya tatu alikuja Mado Kyungu na daftari lake. Mado si wa upande wetu, kwao ni hapahapa Katanga, na hakuna aliyemfukuza popote. Alivuka reli, akaketi chini kati ya wenzake. Mimi niliogopa kuliko yeye, kwa sababu baba yake, Tata Kyungu, alikuwa kati ya wale walioshika rangi siku ya kuchora milango yetu. Nilimwambia arudi nyumbani. Akanijibu, "Mwalimu, ku masomo hakuna mutu. Nani mwingine atanifundisha?"

Jumatano baba yake akaja kumfuata. Watu wote stesheni waligeuka kumtazama. Mama akaanza kusali kwa sauti. Tata Kyungu alisimama nyuma ya wanafunzi, mikono mifukoni, akatazama maandishi ya makaa. Yule mtu, Yaya, amefanya kazi fonderi, pale wanapoyeyusha chuma, tangu sisi tukiwa vijana.

"Mi naangaliaka chuma miaka mingi," akasema. "Inaanzaka nyekundu, kisha machungwa, kisha nyeupe. Bulu hatujaiona hata siku moya. Juu ya nini?"

Hakuwa akinidhihaki. Aliuliza kwa nini, kama mtu aliyetembea na swali hilo muda mrefu bila wa kumwuliza. Nilimjibu kama ninavyomjibu mwanafunzi, kwamba kipande cha bluu ni kikubwa kuliko chekundu. Akafikiri, kisha akasema, "Kumbe ule moto hautoshi kutoa kipande kikubwa." Nikamwambia, ndivyo, au hutoa vichache mno, jicho lisivitenge na rangi nyingine. Mado alikuwa ameshafunga daftari. Baba yake akamwambia, "Maliza kwanza. Mi nakungoya." Akaketi juu ya reli mpaka mwisho wa somo, akamchukua binti yake, wakaenda. Hakuomba radhi. Mado hajarudi tena.

Leo asubuhi majina yetu yamesomwa, tunaondoka kesho. Karani aliniuliza narudi kijiji gani. Nilimwambia nimezaliwa hapa Kolwezi, siwezi kurudi mahali ambapo sijawahi kufika. Akaandika "Kasai," akamwita anayefuata. Limebaki somo moja: kwa nini elektroni haiangukii katikati ya atomu. Nimewaambia Henri na wenzake tupande behewa moja.

Rachelle, akifunga mizigo, aliniuliza kwa nini sikumwambia Tata Kyungu juu ya nyumba yetu na wale watoto tuliowazika. Yule mtu alikuwa mbele yangu, stesheni nzima inatutazama, na mimi pia nilikuwa na "juu ya nini" yangu. Nikajibu ya kwake, yangu nikaimeza. Mpaka sasa sijui kama ule ulikuwa ualimu au woga.

Barua hii ataibeba padri anayekwenda Lubumbashi. Anwani ya Dilala usiitumie tena; nyingine sina bado. Msalimie Gradi na mchumba wake, na Mama Tshilombo jirani yako. Mama anakubariki, amekuwekea mkono juu ya karatasi hii kabla sijaikunja.

Mungu awape usingizi mwema.

Mimi mdogo wako, nikupendaye popote watakaponishusha,

Lukusa