Sukari Ambayo Mama Hakula

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Wifi hajambo? Mgongo wake umetulia? Sisi huku tunapumua, na nitakuwa mwongo nikiandika zaidi ya hapo. Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana. Kwenye simu ungenikatiza kwa utani wako, nami ningefurahi kukatizwa.

Mama amelazwa tangu Jumamosi. Kile kidonda cha kidole cha mguu, alichokuwa akikiita mkwaruzo wa cherehani, kimepanda hadi juu ya kifundo. Daktari wa upasuaji amesema Alhamisi ataukata mguu chini ya goti. Ni wa kulia, ule anaokanyagia cherehani. Mama aliuliza kama ataweza kushona kwa mguu mmoja, akajibiwa kwamba kuna cherehani za umeme. Akashukuru.

Unakumbuka uliponipa jina la Askari wa Sukari? Tulicheka sote, hata Mama. Lakini hukuwepo kuona nilivyoifanya kazi hiyo. Kopo la sukari nililifungia kabatini kwangu. Nilinusa vikombe vyake. Nilipekua mkoba wake akiwa bafuni. Kila kipimo kilipopanda nilimwambia anakula kwa siri, naye aliapa kwamba hali, nikamwona mkavu wa macho.

Sasa nivumilie. Kazini, kama ujuavyo, nakata vipande vyembamba vya nyama za mwili, navipaka rangi, kisha nampelekea daktari wa maabara avitazame kwenye hadubini. Wiki mbili zilizopita tulipokea kongosho la marehemu aliyekuwa na kisukari kama cha Mama, kile cha aina ya pili. Mahali penye seli za kutengeneza insulini palikuwa pamejaa kitu kama ukoko wa sufuria. Nilimuuliza daktari kama ni rangi yangu iliyoharibika. Akasema hapana. Akanieleza kwamba seli zile hutoa insulini pamoja na protini nyingine ndogo. Protini hiyo ikijikunja vibaya hugandana yenyewe kwa yenyewe, na mgando huo huziumiza seli zilizoitoa mpaka nyingi zinakufa. Chakula kina sehemu yake, alisema, ila seli zikishakufa, mgonjwa hata ajinyime mwaka mzima hazifufuki. Huyo anahitaji sindano. Aliyasema hayo huku akitafuta kalamu yake mezani. Mimi nikaiendea droo yangu.

Maana, Kaka, hili sijamwambia mtu. Miezi saba iliyopita daktari wa kliniki aliniita pembeni akasema vidonge havitoshi tena, akaandika Mama aanze insulini. Karatasi ile niliitia kwenye droo yangu ya kazini. Mama nilimwambia, na wewe nikakuambia, kwamba tumeagizwa tukaze mlo. Niliona akipata sindano atajiachia ale. Siku za kliniki zilipofika nilisema amesafiri. Baada ya kuona lile kongosho niliitoa karatasi siku hiyo hiyo, sindano zikaanza, na nikadanganya kwamba ni agizo jipya. Kidonda kilikuwa kimeshatangulia.

Jana daktari wa upasuaji alimuuliza Mama kwa nini sukari iliachwa ikapanda hivyo. Nilikuwa hapo kitandani, nikimchana nywele. Mama akasema kosa ni lake, alikuwa akila sukari kwa siri, na binti yake alimkataza sana. Sijui kama alinifichia aibu au nimemsema mpaka ameamini. Niliendelea kumchana.

Amenituma nikuandikie hivyo hivyo, na kwamba umsamehe. Hakula, Kaka. Hata kijiko kimoja.

Njoo kabla ya Alhamisi. Unitukane kwanza, nimestahili, halafu unishike mkono tuingie wodini pamoja, maana peke yangu nimejaribu na mdomo haufunguki. Asiingie chumba cha upasuaji akidhani amejikata mwenyewe.

Nisalimie wifi. Mama naye anakusalimu, anasema usisafiri bila sweta.

Mdogo wako,
Askari