Saba ya Silvère wa Kagarama

Silvère wetu, mwaka umezunguka ukatimia tangu asubuhi ile uliyoomba chai ya tangawizi, ukainywa nusu, ukajilaza kidogo, usiamke tena. Nusu iliyobaki kikombeni, mkeo Pudentienne alikataa kuimwaga mpaka jioni.

Umetuachia nyumba yenye ukimya tusiouzoea. Majirani waliokuwa wakigonga ukuta ulipozidisha kelele za dramu, sasa wanatuuliza kama tumehama.

Ulikuwa mtu wa kugawa. Ukienda Masaka kununua mkungu wa ndizi, ulifika nyumbani na chane mbili, nyingine zote umezitoa njiani kwa kila aliyekusalimia vizuri. Na ulikuwa mtu wa kupiga. Hukupita makutano ya Sonatubes bila kupiga kitu: kofia ya dereva wa pikipiki, mlango wa gari, tumbo lako mwenyewe. Siku moja ulipiga usukani taa zikiwa nyekundu, ukapiga vizuri kiasi kwamba taa zikasahau kuwaka kijani, na foleni ikafika mji wa Rwamagana. Pudentienne anasema foleni iliishia kituo cha mafuta. Yeye alikuwa amesinzia kiti cha nyuma.

Watu walizoea kukuuliza muziki wako ni wa wapi. Dramu zako zilikuwa za jazi, na saksofoni ya Mukunde ilikuwa ya jazi. Lakini chini yake ziliongea tabla, zile ngoma mbili ndogo za Kihindi zinazopigwa kwa vidole, na mpigaji wake alikuwa rafiki yako Hasmukh, fundi saa. Ulimjibu kila mtu jibu moja: "Ni wa hapa. Kwani wewe unausikilizia wapi?"

Tabla ulizijua Bujumbura ukiwa kijana, kwa kaseti uliyopewa na muuza vitambaa. Mwalimu hukuwa naye. Redio yako ilikuwa imeutafuna mwanzo wa kaseti, basi ukaanza kuhesabu pale sauti ilipoanza. Ukapata mapigo saba, ukayashika, ukayaleta Kigali, ukaunda nayo kundi mkaliita Saba. Mlipiga miaka kumi na tisa. Mlipiga harusini, hotelini, na mara moja kwenye uzinduzi wa bomba la maji, ambapo maji yalitoka kabla mgeni rasmi hajashika koki.

Ulipoondoka, Hasmukh alisema kundi litatafuta mtu wa kukalia kiti chako kwa mwaka mmoja. Asipopatikana, siku ya kumbukumbu yako watapiga mara ya mwisho na kuagana.

Akapatikana Eddie, kijana aliyekulia Kampala akasomea muziki. Anapiga vizuri kuliko wewe, usikasirike. Kila Jumapili mchana alikuja sebuleni kwetu, na kila Jumapili nyimbo zote zilikwenda, isipokuwa zile za mapigo saba. Zikifika hizo, muziki ulianguka kama meza iliyokatwa mguu.

Binti yako Uwera alisikia yote kutoka jikoni. Unajua kwamba anafanya kazi kwenye duka la dawa na kwamba hapendi kutazamwa. Tangu uondoke alikuwa hajagusa dramu zako ila kuzifuta vumbi. Lakini wiki zilivyopungua, alianza kukosa usingizi. Alikuwa amekuzika mara moja. Aliona anakaribia kukuzika tena, na safari hii hakuna hata sauti itakayobaki.

Wiki tatu zilizopita, siku ya Jumapili, alikuwa analeta chai wakati muziki ulipoanguka kwa mara ya nne. Eddie aliweka vijiti juu ya magoti, akamgeukia Hasmukh, ambaye vijana wote humwita Tonton, yaani ami.

"Tonton Hasmukh, niambie ukweli. Mimi napotelea wapi?"

"Hupotei," Hasmukh alisema. "Wewe uko sawa kabisa."

"Sasa mbona hatukutani?"

"Papa haanzii hapo," Uwera alisema.

Alisema hivyo hivyo, haanzii, kama vile uko chumbani unatafuta soksi. Akachukua kijiko, akagonga trei: moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili-tatu. Mukunde akaingia na saksofoni bila kungoja ishara. Vidole vya Hasmukh vikafuata. Eddie akabaki na mdomo wazi, kama mtu anayeona pikipiki yake inapita na dereva mwingine.

Walipotulia, Eddie alicheka. "Lakini hii iko kinyume. Hii ni rupak, mdundo wa Wahindi wa mapigo saba, na wao wanaianza na tatu. Moja-mbili-tatu, halafu moja-mbili, moja-mbili. Mzee alianzia katikati."

Uwera aliweka kijiko chini. "Tonton, ni kweli?"

"Ni kweli."

"Ulijua lini?"

"Siku ya kwanza."

"Miaka kumi na tisa unamwacha Papa anakosea mbele ya watu? Mlikuwa mnamcheka?"

Uwera aliinua trei aondoke, na hapo, Silvère, kundi lako lilibakiwa na hatua sita tu za uhai, kutoka mezani hadi mlango wa jikoni.

"Simama kidogo, binti yangu," Hasmukh alisema. "Siku ile nilifungua mdomo nimsahihishe. Nikaona mguu wangu umekwishaanza kucheza. Mimi rupak nimezaliwa nayo, na mguu haukuwahi kunicheza hivyo. Nikafunga mdomo. Nikaenda nyumbani nikajifunza tabla upya, miezi mitano, ili nikosee pamoja na baba yako. Mke wangu alifikiri nimerogwa."

"Na yeye hakujua?"

"Mwaka wa pili alisikia bingwa mmoja wa tabla redioni. Akanipigia simu. 'Hasmukh, huyu Mhindi wenu anakosea.' Nikamwambia, 'Ndiyo, maskini.' Nikamsikia anagonga meza, kwanza saba yake, halafu ya yule Mhindi. Kisha akasema, 'Asante, ndugu yangu.' Hatukuzungumza tena habari hiyo."

Uwera alicheka. Kicheko kikamgeuka njiani, akakaa chini na trei yake, akalia mpaka Mukunde akamshika bega. Kumbe ulijua, mzee wewe. Ulijua, ukaendelea kupiga.

Eddie aliinuka kutoka kwenye kiti chako. "Dada, njoo ukae hapa."

"Mimi nauza dawa, Eddie. Si mpigaji."

"Mimi ni mpigaji na siwezi. Nimesoma sana, kosa hili haliniingii."

"Nitawaaibisha."

Pudentienne alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake. Alikumbuka vizuri jinsi wewe na binti yako mlivyokuwa mkiosha vyombo pamoja, wewe unasuuza, yeye anapanga, na kila sahani lazima iangukie kwenye hesabu. "Wewe na baba yako mmenivunjia sahani kumi na moja kwa hiyo saba yenu," alisema. "Kaa hapo, nijue angalau zilivunjikia nini."

Akakaa.

Mara ya kwanza alidumu mizunguko mitatu akapoteza. Mara ya pili alidumu kumi. Tangu siku hiyo, akitoka kazini anapitiliza moja kwa moja kwenye dramu, hata viatu havui. Eddie anakuja kumfundisha namna ya kushika vijiti, naye anamfundisha Eddie kukosea. Jirani wa kulia amegonga ukuta Jumanne na tena Alhamisi, na Pudentienne ametoka kumshukuru.

Basi, Silvère, kundi haliagani. Jumamosi hii, baada ya misa ya saa nne, Saba watapiga uani kwetu, na wote waliokupenda wamekaribishwa, pamoja na wale uliowagawia ndizi, kama viti vitawatosha.

Lipo jambo moja tukuambie mapema, usije ukalisikia kwa wengine. Kwenye mzunguko wa nne, Uwera analichelewesha pigo la mwisho kidogo tu, kama mtu anayefikiri kabla ya kujibu. Si lako pigo hilo, wala si la Wahindi. Hasmukh amelisikia. Amekwenda nyumbani kujifunza.

Unakumbukwa na mkeo Pudentienne. Watoto wako Uwera na Ishimwe. Dada yako Claudette. Kaka yako Mutsinzi. Shemeji yako Gahongayire. Hasmukh, Mukunde na Eddie wa Saba. Pamoja na ndugu na marafiki wote wa Kagarama, Masaka na Bujumbura.

Mungu akulaze pema. Sisi tutakukumbuka siku zote za maisha yetu.